Noti Mpya na Noti za Zamani

Mwezi wa Agosti, 2022, nilitumwa na walimu wenzangu wa Kiswahili wa huku Mbale kwenda Dar es Salaam kuhudhuria mafunzo ya majuma mawili. Niliyojifunza huko juu ya ufundishaji wa insha na ushairi nimekwisha kuyaeleza mkutanoni, na katibu wetu ameyahifadhi katika faili lake. Jambo nililolieleza nusu tu ni habari ya fedha nilizokabidhiwa. Siku hizi walimu wengi wanasafiri baina ya nchi zetu hizi. Tena ndani ya habari yenyewe mna mambo ya lugha ambayo vitabu vyetu vya sarufi haviyagusi. Kwa hiyo naona si vibaya nikiimaliza ile nusu iliyobaki.

Fedha zilikuwa za namna tatu. Kwanza, shilingi 1,600,000 za Uganda, mchango wa walimu, za kununulia vitabu. Mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Basi shule zetu zikajikuta zina wanafunzi tele, mwalimu mmoja, na vitabu vya kuhesabika kwa vidole. Pili, noti moja ya dola mia ya Marekani, mali yangu mwenyewe, niliyoizawadiwa na ndugu yangu miaka mingi iliyopita nikaitunza kwa ajili ya dharura. Tatu, bahasha.

Bahasha hiyo alinipa mzee aliyenifundisha Kiswahili katika miaka ya 1990, ambaye sasa amestaafu na anaishi na wajukuu zake miguuni mwa Mlima Elgon. "Binti yangu," aliniambia, "humu mna shilingi elfu kumi na mbili za Kenya. Ninunulie Kamusi Kuu ya Kiswahili. Zitakazobaki, watafutie watoto vitabu vya hadithi." Alinikabidhi kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa kwa gundi. Sikuifungua. Mtu aliyekusahihishia insha zako za kwanza, utamhesabia fedha mbele ya macho yake kama kwamba unamshuku? Niliitia mkobani, tukaendelea kunywa chai.

Msomaji atauliza kwa nini mzee wa Uganda aweke akiba yake kwa shilingi za Kenya. Mzee huyu ni mmoja wa walimu wengi waliokimbilia Kenya wakati wa utawala wa Idi Amin. Alifundisha huko, kisha akarudi nyumbani mwaka 1986 na kugeuza fedha zake zote kuwa shilingi za Uganda, kwa furaha ya kurudi. Mwezi wa Mei, 1987, serikali ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Aliyestahili kupata mia akatoka na sabini. Tangu siku hiyo mzee hakuiamini tena noti ya nyumbani kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kununulia sukari. Kila alipopata ziada alishuka mpaka Busia, akanunua za Kenya, akaziweka. Akiba haiozi, walisema wahenga, na mzee alikuwa amechagua ghala aliloliona kuwa kavu zaidi.

Safari yangu nayo ilianzia Busia. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza sana adha ya uhamiaji na forodha. Paspoti hugongwa mihuri miwili chini ya paa moja. Lakini kabla hujafika kwenye paa hilo huna budi kupita katikati ya wabadilishaji fedha, wenye vibunda mkononi na mashine ndogo za kuhesabia. Nilimkaribia mmoja aliyekuwa mtu mzima, kwa kudhani kwamba mvi ni dhamana. Alinitajia bei mbili: 31.2 na 32.8. Nikafurahi, nikachagua ile kubwa. Akacheka. "Mwalimu," akasema, maana alikwisha kuona kitambulisho changu, "hiyo kubwa si ya kukupa wewe. Hiyo ndiyo utakayonipa mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mtoto yeyote wa Busia anakijua. Katika ubao wa mbadilishaji, maneno "tunanunua" na "tunauza" husemwa na yeye, si na wewe. Nafsi ya kwanza wingi ni yake. Wewe unayetaka kununua shilingi ya Kenya utasoma chini ya "tunauza", na unayetaka kuuza utasoma chini ya "tunanunua". Nimefundisha viambishi vya nafsi kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na siku hiyo viliniponyoka mbele ya kiti cha mbao.

Kwa bei ya 32.8, milioni moja na laki sita yangu ikawa shilingi 48,780 za Kenya. Kama ningemrudishia papo hapo, bila ya kwenda popote, angezinunua kwa 31.2, nami ningepata shilingi 1,521,936. Yaani shilingi elfu sabini na nane zingekwisha nikiwa nimesimama pale pale, bila ya mtu kuniibia. Faida yake ndiyo hiyo, nayo ni halali, maana anakaa juani na noti za watu wawili. Kinachotakiwa ni kuijua tu. Wizi wenyewe una njia nyingine: noti hukunjwa katikati ikahesabiwa mara mbili, au kibunda ulichohesabu hurudishwa mikononi mwao "kuhakikisha", kikarudi kimepungua. Yule wangu hakufanya hivyo. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili, bila haya. Kwa mgeni sikuona haya hata kidogo.

Ile dola yangu niliitoa pia, ili nijue thamani yake. Aliitazama bila ya kuishika. Ilikuwa noti ya toleo la kale, ambayo huku huitwa ya "kichwa kidogo", kwa kuwa sura iliyochorwa humo ni ndogo. Akasema haitaki. Kwa sheria ya Marekani noti hiyo ni fedha hata leo, kwani nchi ile haizifuti noti zake za kale. Lakini sheria ya Marekani haikai Busia.

Nilifika Nairobi alfajiri. Fedha za walimu zilikuwa zimefungwa kiunoni, nami sikutaka kuzigusa kwa nauli. Nikafikiri: bahasha ya mzee ina shilingi za Kenya tayari; nitatumia mbili tatu kwa nauli ya kwenda Arusha, nitazifidia kwa shilingi za Tanzania nikifika. Nikaichana kwa uangalifu. Zilikuwa noti kumi na mbili za elfu moja moja, zimenyooka kama kurasa za kitabu kisichosomwa bado. Nikampa binti wa dirishani noti tatu.

"Mama, hizi hatuchukui."

"Kwa nini? Ni mpya kabisa."

"Si mpya, mama. Hizi ni za zamani."

Nikazitazama tena. Hazikuwa na hata mkunjo mmoja. Nikamwonyesha. Yeye akafungua droo, akatoa noti ya elfu iliyochakaa, ya rangi ya udongo, yenye alama ya kidole cha mafuta pembeni, akaiweka kando ya zangu. "Mpya ni hii," akasema. Nyuma yangu foleni ilikuwa ikirefuka. Mzee mmoja aliyebeba sanduku akanieleza kwa sauti ya kuniliwaza kwamba zile zilikwisha mwaka 2019.

Habari hiyo niliwahi kuisikia redioni mwaka huo, kama tunavyosikia habari za jirani, kwa sikio moja. Tarehe 1 Juni, 2019, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza noti za toleo jipya. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010 inakataza sura ya mtu binafsi kutiwa katika noti na sarafu. Kwa hiyo mahali pa picha kubwa ya uso wa Jomo Kenyatta pakawekwa jumba la mikutano la Nairobi linaloitwa kwa jina lake. Noti za kale za shilingi 50, 100, 200 na 500 ziliachwa ziendelee kutumika. Ile ya 1,000 peke yake ndiyo iliyopewa siku ya kufa, tarehe 1 Oktoba, kwa nia ya kuwakamata waliokuwa wameficha fedha chafu nyumbani. Siku ilipowadia, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazijarudi. Sijui wenye fedha chafu walipata hasara gani. Noti kumi na mbili miongoni mwa hizo najua zilikuwa za nani.

Nilikwenda benki saa tatu asubuhi, kwa tumaini la mtu anayejua jibu lakini anataka alisikie kwa mwingine. Karani alinirudishia kwa heshima zote. Nikakaa kwenye benchi nje. Kilichoniuma hakikuwa nauli. Nilikuwa nafikiri kwamba, lau ningeifungua bahasha ile mbele ya mzee, tungegundua pamoja, juu ya meza yake, katika nyumba yake, naye angenicheka au angelaani. Kumbe adabu yangu ilimfanya agunduliwe na watu wa foleni asiowajua. Nilishika simu mara mbili nimpigie. Sikumpigia.

Baba yangu aliwahi kuniambia kwamba zamani mtu aliweza kutoka Mbale mpaka Dar es Salaam na sarafu zile zile mfukoni. Ni kweli. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921 na kutumika katika nchi zetu zote tatu mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipofungua benki kuu yake. Mkataba wa kuwa na sarafu moja tena ulitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba, 2013, ukitazamia mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na sasa unatajwa 2031. Nitakuwa karibu na kustaafu.

Namanga nilibadilisha shilingi za walimu kwa mara ya pili. Kijana wa pale alipiga hesabu kwa bei ya 19, akasema: "Laki tisa na elfu ishirini na sita, mia nane na ishirini." Neno "laki" nalifundisha kila mwaka, wanafunzi huliandika na kulisahau, kwa sababu huku kwetu Uganda hakuna anayelitumia sokoni. Kulipokea mkononi ni jambo jingine. Tena hesabu za Kiswahili zina mtego wake. Mtu akisema "elfu ishirini na sita", je, ni 26,000 au 20,006? Darasani tunasema maana itajulikana kwa muktadha. Mpakani nilimwomba aseme "ishirini na sita elfu", kisha aiandike kwa tarakimu. Akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, na wala hakukasirika.

Baadaye nilipiga hesabu nyingine, kwa kujiadhibu. Kama ningenunua dola Mbale kwa zile shilingi za walimu, nikazigeuza Dar es Salaam, ningepata karibu laki tisa na hamsini. Nilizikwepa dola kwa majivuno: fedha ya jirani kwa fedha ya jirani, kwa nini tumpitie Mmarekani? Majivuno yale yaligharimu zaidi ya shilingi elfu ishirini za Tanzania, yaani kitabu kimoja au viwili ambavyo wanafunzi hawakuvipata.

Jioni, baada ya mafunzo, sisi wa kutoka nje tulikuwa tukikaa barazani, na mazungumzo hayakukawia kufika kwenye fedha. Mwalimu wa kutoka Burundi alitufundisha kwamba Kirundi huziita fedha "amahera", nasi sote tukaitambua "hela", masalio ya ile sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904. Mimi nikawapa "ensimbi" ya Kiganda, ambazo hapo kale zilikuwa kauri za pwani. Mwenzetu wa Bukavu alisema kwao faranga iliyochakaa mpaka herufi zimefutika hupokelewa bila neno, lakini dola yenye mpasuko wa ukucha hurudishwa. Nami siku ya kwanza nilikuwa nimemshangaza muuza maji kwa kumdai "balansi" yangu, kama tusemavyo Uganda, hadi kijana mmoja alipomtafsiria kwamba mama anataka chenji.

Dola yangu ya kichwa kidogo ilizunguka. Maduka mengi ya kubadilishia fedha ya Arusha na Dar es Salaam yalikuwa yamefungwa katika miaka ya 2018 na 2019, kwa hiyo nilielekezwa benki. Dirisha la kwanza liliikataa, la pili likaikataa, la tatu likaikubali kwa bei ya chini, baada ya paspoti yangu kunakiliwa. Kwa fedha hiyo nilinunua Kamusi Kuu ya Kiswahili, na vitabu vitatu vya hadithi za watoto. Vitabu vya tawi nilivinunua kwa fedha za tawi, nikaandika kila senti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mhazini wetu aliupenda mno msemo huo niliporudi, akaniuliza mkutanoni, mbele ya wote, zile elfu zilizopungua zimekwenda wapi. Nilimchorea ubaoni "tunanunua" na "tunauza". Wengine walielewa. Wawili nadhani hawajaelewa mpaka leo, na wakinisalimu nahisi hivyo.

Kwa mzee nilikwenda Jumapili. Nilikuwa nimekusudia kumpa kamusi na kunyamaza juu ya bahasha, niseme fedha zimetosha. Njiani niliona kwamba huo ungekuwa uongo wa kumfanya mtoto mtu aliyenifundisha. Tena pengine alikuwa na noti nyingine ndani. Basi nikamwekea kamusi mezani, na juu yake bahasha, nikamweleza.

Alizitoa noti zote, akazihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na mbili.

"Hesabu ni kamili," alisema.

Kisha akanieleza kwamba redio aliisikia. Tangazo lilisema noti za zamani zirudishwe. Alifungua sanduku lake akazitazama: hazijakunjwa, hazijachafuka, nyingine bado zinanukia wino. Akajiambia, hizi si za zamani. Za zamani ni zile zenye sura ya Moi. Akafunga sanduku.

Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kivumishi "-pya" na umbo lake katika kila ngeli. Ndiye pia aliyetufundisha kwamba kinyume chake ni "-kuukuu", yaani kilichochakaa kwa kutumiwa. "-A zamani" ni habari ya wakati, si ya uchakavu. Noti zake hazikuwa kuukuu hata kidogo. Zilikuwa mpya na za zamani kwa pamoja, na redio haikuwa na nafasi ya kueleza hayo. Niliyawaza haya nikiwa nimeketi mbele yake, lakini sikuyasema. Haikuwa siku ya sarufi.

"Kulikuwa na nyingine?" nikamwuliza.

"Hizo ndizo za mwisho," alijibu. Sikumwuliza tena.

Alinitaka nimtajie bei ya kamusi kwa shilingi za Uganda, na akakataa katakata niipunguze. Akasema nije mwisho wa mwezi, pensheni ikitoka. Nilikwenda, akanilipa nusu; nusu ya pili alinilipa mwezi wa Novemba, kwa noti za Uganda, nami safari hii nilizihesabu mbele yake, kwa sababu alinyosha kidole akaniamuru: "Hesabu." Siku hizi akiba yake, mjukuu wake ameniambia, iko katika simu.

Noti moja kati ya zile kumi na mbili alinipa. Huwa naipitisha darasani, kidato cha pili, tunapofika kwenye vivumishi, na kuwataka wanafunzi waiandikie sentensi tatu. Mwaka jana mmoja aliniuliza kama naweza kumwuzia. Wenzake wakaanza kubishana ni kwa bei gani, kwa Kiswahili, na kengele ikalia kabla hawajakubaliana.